Kava la albamu ya mdogo wangu: tuliyopitia hapa Moshi mpaka tukaelewa picha inamwambia nini msikilizaji

Naandika hii kwa ajili ya wasanii wachanga na ndugu wanaowasimamia, hasa sisi wa mikoani ambao hatuna lebo ya kutushika mkono. Nimeona watu wanamaliza hela zote studio, wanabishana na prodyuza mpaka usiku wa manane kuhusu biti, halafu kava linatengenezwa juu juu albamu ikiwa imebaki siku mbili itoke, na yeyote mwenye programu ya kuediti kwenye simu. Na kava ndo kitu cha kwanza mtu anaona jamani. Hajasikia hata sauti yako ila ameshaamua wewe ni nani, unaimba nini, abonyeze au apite.

Mimi nina saluni Majengo hapa hapa Moshi. Mdogo wangu wa kike anaimba, ana sauti nzito kidogo, gitaa na kinanda, nyimbo za taratibu, mapenzi yaliyoharibika, mama yetu alivyohangaika na ndizi pale Mbuyuni, mambo ya kuondoka nyumbani ukiwa hujajipanga. Hela ya albamu nilikopa vikoba, studio ikala sehemu kubwa, tukabaki na kama laki tatu na nusu ya picha na kava.

Wakati huo kulikuwa na kijana mmoja amejitolea kuwa meneja wake. Alikuwa na maneno mengi ila moja alilolisema lilikuwa kweli kabisa, "dada, watu wananunua kwa macho kwanza." Hilo halina ubishi. Zamani sahani za santuri Marekani zilikuwa zinauzwa kwenye makaratasi ya kahawia au kijivu tu yana jina la nyimbo, mpaka mwaka 1940 hivi kijana mmoja wa Columbia Records anaitwa Alex Steinweiss akaanza kuchora makava yenye rangi na picha, na mauzo yakaonekana kupanda, kampuni zingine zikafuata. Kwa hiyo biashara ya kumvuta mtu kwa macho ina umri mrefu kuliko sisi wote. Tatizo la meneja lilikuwa hatua ya pili, yaani ukishamvuta, umemwambia anakuja kukuta nini ndani?

Yeye alitaka gari na kigauni kifupi. Tukakodi Crown nyeupe kutoka Arusha nusu siku 120,000 pamoja na mafuta, gauni la kukodi 40,000, mpiga picha 100,000, fundi wa grafiki 60,000. Jumla 320,000. Mdogo wangu hajawahi kuendesha gari na kwenye albamu nzima hakuna wimbo hata mmoja unaotaja gari.

Picha ikarudi. Nikaifungua saluni kwenye simu, nikaikuza kwa vidole, nikanyamaza. Mdogo wangu ni mweusi, ule weusi wa bibi yetu wa Kibosho, unang'aa. Kwenye kava alikuwa na rangi ya chungwa. Kiuno kimeminywa mpaka mlango wa gari nyuma yake ukapinda kuingia ndani, ule mstari wa chini ya kioo ambao kwenye Crown ya kweli umenyooka, pale kiunoni ulikuwa umebonyea kabisa. Pua imepunguzwa. Mdogo wangu akaangalia muda mrefu halafu akaniuliza, "Dada, hii shingo ni ya nani?" Meneja akasema ndo soko linavyotaka, mastaa wote wanafanya hivyo. Albamu ilikuwa imeshatangazwa, hela imeisha, ikapita.

Halafu kampuni ya kusambaza mtandaoni ikalikataa. Siyo kwa ajili ya rangi wala kiuno, ni kwa sababu fundi alikuwa ameweka namba ya simu ya kualikwa kwenye shoo, alama ya Instagram na maneno INAPATIKANA YOUTUBE chini kabisa. Majukwaa kama Apple Music hayataki namba za simu, anuani za mtandao, bei wala matangazo kwenye kava, na wanataka picha ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000 ndo salama, isiwe na ukungu. Hii mtu angetuambia mapema tusingepitisha tarehe tuliyowatangazia watu. Mambo ya kualikwa weka kwenye posta ya mtaani, kava ni kitu kingine.

Ikatoka. Na nisiseme uongo, ilibonyezwa sana kuliko nyimbo zake zote za nyuma. Wiki ya kwanza tulifurahi mno, mama alipika ndizi nyama akaita majirani. Ila ukiingia ndani kwenye takwimu unaona watu wanaingia wanatoka, wimbo wa dakika nne mtu kakaa sekunde kumi na kitu. Spotify kwa mfano haihesabu kama umesikilizwa mpaka mtu afikishe sekunde 30, kwa hiyo kubonyezwa peke yake hakukupi kitu. Waliokuja walikuja kutafuta singeli au amapiano ya kuchezea, wakakuta binti na gitaa anamlilia mama yake. Wengine walitukana kwenye komenti, na siwalaumu sana, picha iliwaambia kitu kingine. Na inboksi yake ilijaa wanaume ambao hata jina la wimbo mmoja hawajui. Kuna siku alilala mchana kutwa simu imezimwa.

Wale ambao nyimbo zilikuwa zao kabisa, kina mama, wanakwaya, wadada wa ofisini wanaopenda nyimbo za kutuliza roho, hawakubonyeza. Shangazi yetu wa Rau alisikiliza wimbo wa mama harusini kwa mtu akauliza huyu nani anaimba vizuri hivi, alipoonyeshwa kava akasema siwezi kuituma hii kwenye grupu la jumuiya. Wimbo anaupenda, picha inamzuia kuugawa. Hapo ndo nilianza kuelewa kwamba kava linachagua nani aingie na nani abaki nje.

Sasa hili ndo lililoniuma kuliko hela. Nilikuwa nimechapisha kava kubwa nikalibandika saluni juu ya kioo, tangazo la ndugu yangu bwana, nani asingebandika. Wasichana wakikaa kwenye kiti wanaangalia kioo, wanaangalia juu, wanaangalia kioo. Wakaanza kuniuliza anapaka nini. Nikiwaambia ni kompyuta hawaamini, wanadhani namfichia mdogo wangu siri zake. Mmoja alikuwa mwanafunzi, binti mpole sana, anakuja kunyolewa nywele za shule. Likizo moja alikuja mashavu yamekuwa mekundu, vidole vya mikono kwenye viungo vimebaki vyeusi, nikajua mkorogo, yale mafuta ya kuchanganya ya kujichubua ngozi. Nikamuuliza nani kakupa, akasema amenunua kikopo sokoni, hakina hata karatasi, na akaangalia juu kule kwenye picha. Aisee.

Kwa wanaofanya kazi yangu mnajua, vipodozi vyenye zebaki na hydroquinone vimepigwa marufuku hapa nchini miaka mingi lakini vinaingia, vinachanganywa kwenye vikopo visivyo na jina. Zebaki inapita kwenye ngozi inaenda kuharibu figo. Niliongea na mama yake, nikamwelekeza ampeleke hospitali kwenye kliniki ya ngozi. Bango nililibandua siku hiyo hiyo. Na tangu hapo sikubali mtu aniambie kava ni pambo tu. Mtu anaweka sura yako kwenye skrini, anaiona kila siku, taratibu inageuka kuwa kipimo chake.

Kwani sisi wenyewe hatukukua hivyo? Miaka ile ukiingia kinyozi chochote Arusha, Ngarenaro, Kaloleni, unamkuta Tupac kachorwa ukutani. Albamu yake ya mwaka 1996, All Eyez on Me, kwenye kava ameweka vidole vikae W, ni ishara ya West, yaani pwani ya magharibi ya Marekani, mambo ya ugomvi wao wa kule. Machalii wa Chuga, yaani vijana wa Arusha, na sisi huku Moshi tulipiga picha tumekunja vidole hivyo hivyo kwenye kipaimara, hakuna aliyejua ni mambo ya wapi. Picha moja ilivuka bahari ikabadilisha namna vijana wa huku wanavyosimama mbele ya kamera, wengi wao hata kanda yake hawakuwa nayo.

Kilichotufikisha mwisho na lile kava ni shoo ya harusi Njiro. Aliyemwalika alimwona kwenye kava. Mdogo wangu akafika mlangoni na gitaa lake, mtu wa kamati akampita akimtafuta msanii. Baadaye meza moja wakasema kwa sauti mbona si yeye. Aliimba vizuri mno, watu walitulia, lakini kwenye malipo mwenye shughuli akaanza kupunguza eti hakuletewa aliyemtegemea. Kwenye Hiace ya kurudi Moshi mdogo wangu hakuongea mpaka tunapita Boma Ng'ombe, halafu akasema, "Dada, mimi sitaki kushindana na yule mtu wa kwenye picha."

Meneja tukaachana naye kwa amani. Tukaanza upya, na mara hii kabla ya kutoa hata shilingi tukakaa chini kuangalia makava ya watu, moja moja, tukijiuliza hili linamwita nani na linamwahidi nini. Nawashauri mfanye hivi, ni bure kabisa na inafundisha kuliko chochote.

Baba alituachia boksi la kanda. Ipo ya Tracy Chapman, ile ya mwaka 1988 yenye Fast Car. Kava lake ni uso tu, rangi ya kahawia kahawia, ameinamisha kichwa anaangalia chini. Hakutazami, hakutegi, unahisi ana jambo moyoni na ukisogea utalisikia. Ukiweka kanda ndo hivyo hivyo ilivyo. Lauryn Hill mwaka 1998, albamu yake inahusu mambo ya kufundishwa na kutofundishwa, kava sura yake imekaa kama imechongwa kwenye dawati la shule, hakuna gauni wala gari, na mwaka 1999 ikachukua tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Bob Marley na Survival ya 1979, kaweka bendera za nchi za Afrika kwa safu, na juu ule mchoro wa meli ya watumwa walivyopangwa wamelala, Mwafrika anaiona anajua hii inaniongelea mimi kabla hajui Kiingereza cha ndani. Hayo makava yote yanavuta, tena sana, na kinachokuvuta ndicho utakachokikuta ndani.

Sisemi picha ya kutengenezwa ni dhambi. Kava la Grace Jones la Island Life, 1985, amesimama mguu mmoja kanyoosha mwingine nyuma, mwili unang'aa, watu wamejaribu kusimama vile wakashindwa kwa sababu mkao wenyewe haupo, msanii Jean-Paul Goude alikata picha kadhaa akaziunganisha. Lakini Grace Jones mwenyewe ni maonyesho, muziki wake ni maonyesho, shabiki anajua anaingia kwenye ndoto, na rangi yake wameiacha nyeusi. Tofauti na kumfanya binti wa Kibosho awe chungwa kimya kimya halafu useme ndo alivyo.

Na la gharama. Lile suti jeupe la Michael Jackson kwenye Thriller, 1982, ambalo dunia nzima inalijua, lilikuwa la mpiga picha mwenyewe, Dick Zimmerman. Alikuwa amelivaa siku ya kazi, Michael akalipenda kuliko yote yaliyoletwa, akalivaa. Beatles nao Abbey Road, 1969, walitoka tu nje ya studio wakavuka barabara, mpiga picha juu ya ngazi, picha sita, kama dakika kumi, kazi ikaisha. Tena hawakuandika jina mbele. Wao walikuwa wanajulikana sawa, ila hata wewe mchanga usijaze maandishi, kwenye simu jina lako na la albamu yameshaandikwa chini ya picha tayari.

Kava la pili tulifikiria mlima kwanza, nani wa Moshi asingefikiria mlima. Tukaamka mapema, Kibo kweupe kabisa, maana ukichelewa mawingu yanafunika na siku imeisha. Picha ni nzuri ajabu, niliichapisha iko sebuleni. Ila nilipoipunguza kwenye simu mpaka ikalingana na ukucha wa kidole gumba, ambayo ndo saizi mtu anaiona akiwa anatafuta nyimbo, mlima ukawa doa jeupe na mdogo wangu akawa kijiti. Hilo ndo jaribio muhimu kuliko yote. Santuri ya zamani ilikuwa na upana wa karibu sentimita 30, mtu anaishika mikononi anasoma kila kitu, kanda ikawa ndogo, leo ni ukucha. Unatuma faili la pikseli 3000 lakini linaamuliwa kwenye ukucha.

Tukarudi nyumbani, chumba cha mama, dirisha moja lina mwanga wa asubuhi. Uso na bega tu, blauzi yake ya kijani, nywele nimemsuka mwenyewe twende kilioni, ukuta wa mbao nyuma. Tulikuwa na picha anaangalia kamera na nyingine anaangalia dirishani. Nikazichukua zote mbili kwenye ile saizi ndogo nikaenda kijiweni kwa bodaboda, nikawaonyesha wateja saluni, mangi wa dukani, mama wa genge, sikuwaambia ni nani. Swali langu lilikuwa moja tu, huyu mnadhani anaimba nini? Msiulize ni nzuri, kila mtu atasema nzuri dada hongera. Ulizeni anaimba nini. Kwa ile ya kwanza wengi walisema gospo. Kwa ya dirishani mama wa genge akasema, "huyo kuna mtu anamsubiri, na haji." Wimbo wa tatu kwenye albamu unasema hicho hicho alichosema, neno kwa neno karibu. Tukamaliza ubishi.

Mpiga picha wa mara hii 70,000, fundi wa grafiki 40,000, jumla 110,000. Fundi nilimwandikia kabisa kwenye WhatsApp: chunusi ya leo futa, kovu la utotoni liache, rangi usiguse, umbo usiguse. Andikeni, msiseme kwa mdomo, maana wengine wana filta ya kung'arisha inafanya kazi yenyewe na wanadhani wanakusaidia. Maandishi tukaweka jina tu, fonti nene, mbali na uso.

Kubadilisha kava hakukutulazimisha kufuta albamu, tuliomba kwa msambazaji picha ikabadilishwa nyimbo zikabaki na hesabu zake za kusikilizwa, YouTube tukabadilisha wenyewe. Ila lile la zamani bado lipo kwenye simu za watu, mpaka leo mtu anatuma skrinshoti yake, na mdogo wangu kila akiliona uso unabadilika. Hilo huwezi kulirudisha, mlijue kabla.

Matokeo nayasema kama yalivyo. Wabonyezaji walipungua, na mwezi wa kwanza roho iliniuma kwa sababu deni la vikoba halijui sanaa. Lakini wanaoingia wanakaa. Wanamaliza wimbo wanaenda wa pili. Shangazi wa Rau alituma kwenye grupu la jumuiya bila kuombwa, ikatoka hapo ikaenda kwenye magrupu ambayo hata hatuyajui, na mialiko ya harusi na kitchen party imeanza kuja kwa watu wanaosema tunataka ule wimbo wa mama, yaani wanataja wimbo. Wanaume wa inboksi wamepungua sana. Deni bado nalipa.

Mengine ya haraka haraka. Msichukue picha ya gari, jengo au mtu kutoka Google mkabandika kwenye kava, picha zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kama nyimbo zenu zinavyolindwa, na mwenye picha anaweza kufanya albamu nzima ishushwe. Na mpiga picha mliyemlipa kubalianeni kwa maandishi kwamba mnaweza kuitumia kwenye kava, posta, tisheti na popote, maana tisheti ndo linakuja kuleta ugomvi baadaye. Ombeni faili la wazi lile ambalo maandishi na picha vinatenganishika, siyo jpg peke yake. Sisi la kwanza tulinyimwa, tulipotaka kutoa maandishi tu ikabidi tulipie upya.

Na kama msanii ni binti, muacheni yeye ndo awe wa mwisho kusema ndiyo. Mkimpa picha mwachieni nayo alale nayo, aikuze, aangalie shingo, mikono, kila kitu. Yeye ndo atakayesimama mlangoni watu wakimlinganisha nayo.